Ramadhani Ambayo Caday ya Ayeeyo Ilinyamaza

Kwaru, kwaru, kwaru. Kimya kidogo. Halafu tfu! Halafu tena kwaru, kwaru.

Hiyo ndiyo sauti iliyoniamsha karibu kila asubuhi tangu nikiwa mdogo. Muadhini hajafungua kipaza sauti chake, kuku wa jirani bado wamejikunja, na ayeeyo, bibi yangu mzaa baba, ameshakaa kwenye kigoda chake mlangoni, anasugua meno kwa caday.

Caday ni kijiti cha mti wa mswaki, ule unaoota kwa wingi ukishuka kuelekea Mto Tana. Unakikata, unaambua ganda la ncha, unaitafuna mpaka inafumuka kama brashi, kazi inaanza. Ayeeyo hakuwa mtu wa haraka. Alianza juu kulia akaenda jino kwa jino, kama mtu anayepokea mbuzi wakiingia zizini na hataki hata mmoja ampite. Brashi yangu ya plastiki aliidharau kabisa.

"Naa, wewe! Hiyo ni ya kusugulia viatu."

"Ayeeyo, hii tulipewa shuleni."

"Basi sugua shule."

Tuliishi watatu Galbet, hapa Garissa: mimi, mama, na ayeeyo. Baba alishafariki. Shule niliachia kidato cha pili, lakini kuota sijaacha mpaka leo. Ndoto yangu kubwa ni tuktuk yangu mwenyewe, rangi ya waridi, viti vya sufu, inayobeba akina nyanya wazee peke yao. Haipigi honi. Abiria akitaka kushuka kusalimia mtu, tunangoja mpaka wamalize habari zote, hata za ngamia. Mama akiisikia hiyo anasema nitafunga biashara siku ya kwanza. Ayeeyo yeye alisema, "Mimi nitakaa mbele," nami nikaona basi, imeshapata mteja.

Huku nikingoja tuktuk, nilimsaidia ayeeyo kuuza maziwa ya ngamia sokoni. Mitungi ililetwa asubuhi kutoka kwa wafugaji, na kabla hajaipokea alimimina tone kwenye kifuniko chake, akaonja, akafumba macho. "Haya ya jana." "Haya yamekutana na maji njiani." "Ngamia wa haya amekula majani ya chumvi, weka kando, nitakunywa mwenyewe." Hakuwa na mashine wala karatasi. Mashine yake ilikuwa ulimi, na wateja waliiamini kuliko kitu chochote chenye betri. Mwanamke aliyekuwa na meza karibu na yetu alikuwa akimletea mitungi yake amwonjee, halafu anaanza kumtukana kwa mapenzi akiambiwa ina maji.

Jambo jingine alilojulikana nalo ni abtirsi. Kwetu mtoto anafundishwa kuwataja baba zake: wewe ni wa nani, huyo naye ni wa nani, unapanda hivyo hivyo mpaka babu wa mbali ambaye hakuna aliye hai aliyeliona kaburi lake. Ayeeyo alinifundisha kwa kidole. Kila babu alinigusa mahali: paji la uso, shavu, bega, kiwiko. Babu wa tisa alikuwa gotini. Mpaka leo nikijigonga goti kwenye meza namkumbuka mzee wa watu. Majina yao siyaandiki hapa, ni ya nyumbani.

Sasa, Ramadhani ya mwaka juzi, sauti ya kwaru ilikatika.

Nitasema ukweli. Sikujiuliza. Nilifurahi! Tulikula daku, nikaswali alfajiri, nikarudi kwenye mkeka, na hakuna mtu aliyenikwaruzia masikio. Nilivuta leso mpaka puani nikalala kama mtoto wa tajiri. Mchana wa mfungo kila mtu ni mkimya hata hivyo, midomo imekauka, nani atagundua kwamba bibi mmoja amekuwa mkimya zaidi ya wengine?

Iddi ikapita na ukimya haukupita. Ayeeyo alianza kukubali maziwa mabaya. Mtungi ukiletwa anaunusa tu, anatikisa kichwa, anapokea. Mteja wetu wa miaka mingi, dereva mmoja mwenye sauti ya gunia, alirudi na kikombe mkononi.

"Mama mzee, leo umeniuzia mto Tana?"

Zamani angemjibu mpaka achoke. Siku hiyo alivuta shash yake, kitambaa cha kichwani, mdomoni akatazama pembeni.

Halafu aliacha birika jikoni mpaka likaungua. Halafu akaniita abaayo, dada, akaniuliza kama nimewanywesha ndama, na mimi ndama nimemwona kwa karibu mara ya mwisho kwenye lori. Halafu, katika sherehe ya kumpa jina mtoto wa binamu, wanawake walimwomba amtajie mtoto baba zake. Alianza vizuri, haraka haraka, mdomo haufunguki vizuri. Wa saba, wa nane, wa kumi.

Babu wa tisa alirukwa.

Mwanamke mmoja alikohoa. Mimi goti langu lenyewe liliona baridi.

Habari hiyo ilifika Eldas, mbali kaskazini, kabla hata sahani hazijaoshwa. Adeer yangu, kaka mkubwa wa baba, anafuga huko. Alipiga simu, mama akaweka sauti kubwa ili sote tusikie.

"Hooyo amechoka," alisema, akimaanisha mama yake. "Akili imezeeka. Hatakiwi kukaa juani anauza maziwa, watu wanamcheka. Nipeni wiki tano, niwashushe ngamia visimani, nije nimchukue akae kwangu kabisa."

Kabisa. Neno hilo lilikaa katikati ya chumba kama mgeni ambaye hakuna anayemjua.

Ayeeyo aliisogelea simu. "Warya, wewe! Na huko Eldas nitamuuzia nani maziwa? Ngamia?"

Adeer alicheka, mama akacheka, lakini nilimwona ayeeyo ameshika kigoda chake kwa mikono miwili kama kinataka kuondoka. Alikuwa akikibeba kwenda kukikalia pale pa maziwa tangu kabla mimi sijazaliwa. Hakutaka kwenda. Na mimi, nani angeniamsha?

Wiki ile ya kwanza nilimtazama kama askari. Anjera, mkate wetu mwembamba wa asubuhi, alikuwa akiichovya kwenye chai mpaka inakuwa uji. Nyama aliwapa paka na kusema ameshiba. Chai yenyewe ilikuwa sukari tupu, glasi baada ya glasi. Akicheka anafunika mdomo. Na ukimsogelea, kulikuwa na harufu ambayo haikuwa yake, kwa sababu harufu ya ayeeyo ni uvumba na maziwa.

Siku moja ameenda kuswali kwa jirani, nikasema nifagie chini ya kitanda chake. Nikavuta sanduku lake la bati. Nikafungua, kwa sababu mimi ni mtu wa kufungua. Ndani kulikuwa na caday. Vifurushi na vifurushi! Kila Ijumaa alikuwa ananunua kifurushi kwa mzee yule yule, kama zamani, anapita nacho mbele yetu sote akikipunga mkononi, halafu anakizika sandukuni. Vya chini vilikuwa vimekauka kama kuni. Hakuna hata kimoja kilichotafunwa.

Nilikaa chini nikacheka. Halafu nikalia kidogo. Halafu akaingia.

"Ayeeyo," nikamwambia, "unafungua duka la caday na hujanialika?"

Alisimama mlangoni. Nilifikiri atanigombeza kwa kufungua sanduku la mtu mzima. Akakaa kitandani polepole, akasema, "Funga mlango."

Ikatoka yote. Siku ya tatu ya Ramadhani alikuwa akisugua, akatema, akaona damu. Kesho yake tena. Akaogopa. Damu ikipita kooni, funga yake imeharibika, na katika umri wake ana Ramadhani ngapi za kupoteza? Akaacha caday mpaka Iddi. Baada ya Iddi akafunga zile siku sita, kwa hiyo akaacha tena. Alipotaka kuanza, ufizi ulikuwa umevimba, kijiti kikigusa anaona nyota. Jino moja la nyuma lilikuwa halimwachi alale.

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Mimi naonja maziwa ya watu." Aliushika mdomo wake. "Wakisikia mdomo wa muuza maziwa umeoza, nani atanunua? Nikaona bora waseme nimezeeka. Kuzeeka si uchafu."

Maskini ayeeyo wangu. Alikuwa anapokea maziwa yenye maji kwa sababu alikuwa hathubutu kuonja, na sisi sote tukasema ni akili. Lakini na birika je? Na ndama? Nikamuuliza. "Mengine," alisema akiangalia mikono yake, "mengine yanapotea kweli. Natafuta neno, naona pengo."

Kwanza tulikwenda kwa mwanamke anayefundisha watoto Kurani mtaa wetu, kwa sababu bila yeye ayeeyo asingekubali kitu. Yule mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamshika goti. "Mama, caday ni sunna hata ukiwa umefunga. Damu ikitoka, tema, suuza, endelea na funga yako. Ulichotema hukukimeza."

Ayeeyo alinigeukia. "Miezi yote hii!" Akaanza kujicheka mwenyewe, mkono mdomoni.

Kwa daktari wa meno ilikuwa vita. Chumbani alikuwamo kijana, ayeeyo akageuka mlangoni. "Nimfungulie mdomo mtoto wa watu? Hata marehemu babu yako hakuona meno yangu ya nyuma." Tukangoja mpaka akaja mwenzake wa kike, dada wa bara, mchangamfu, Kiswahili chake kinakimbia. Mimi nikawa mkalimani.

"Nyanya, fungua aaa."

"Mwambie bole bole," ayeeyo akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni, akasahau kwamba mimi angeniambia kwa lugha ya nyumbani. "Hiyo chuma ni ya gari?"

"Ni kioo tu, nyanya."

"Kioo najua. Huyo mwingine mwenye ndoano."

Daktari aliangalia kwa muda mrefu. Ufizi ulikuwa na usaha. Jino la nyuma lilikuwa limekwisha, lazima ling'olewe, la pembeni yake lilikuwa likicheza lakini angejaribu kuliokoa. Akauliza anavyokula, anavyolala. Mimi nikamweleza na mengine: birika, dada, babu wa tisa. Nikamuuliza kama jino linaweza kula akili.

Hakunicheka. Alivua glavu, akakaa.

"Nikuambie ninachojua na nisichokijua," alisema. "Mdomo ukikaa na ugonjwa muda mrefu, si mdomo peke yake unaougua. Wataalamu wanaona wazee wengi wenye ufizi mbovu wana shida ya kukumbuka pia. Ni lipi linamleta mwenzake, bado wanabishana. Anayesahau naye husahau hata kusugua meno. Lakini angalia huyu: halali, hali, haongei na watu, anakunywa sukari. Hata wewe ungeita kuku dada. Siwezi kukuahidi kwamba nikitoa jino kumbukumbu zitarudi. Nakuambia tu usihukumu kichwa kabla hujatibu mdomo. Mpeleke na apimwe sukari na presha, na baada ya mwezi wamtazame kumbukumbu akiwa hana maumivu."

"Anasema nini?" ayeeyo akauliza.

"Anasema huwezi kuitwa mwendawazimu kabla hujang'olewa jino."

"Mwerevu huyu. Ameolewa?"

Jino lilitoka. Ayeeyo aliliomba, akalifunga kwenye pembe ya shash, akalizika chini ya mti wa mwarobaini uani bila kunieleza kwa nini.

Mwezi uliofuata ulikuwa wa mdomo. Dawa mpaka ziishe. Maji ya uvuguvugu yenye chumvi asubuhi na jioni. Sukari ya chai ilipunguzwa, na hapo ndipo nilipotukanwa zaidi kuliko maisha yangu yote. Na brashi! Brashi laini kabisa, ya plastiki, ile ya kusugulia viatu. Daktari alisema caday isubiri ufizi upone. Siku za kwanza mkono wake ulitetemeka, basi nikamsugulia mimi. Nilimshika kidevu kama alivyokuwa akinishika, nikaanza juu kulia, nikaenda jino kwa jino. Alikuwa amefumba macho. Sikuwahi kujua mdomo wa mtu ni kitu kidogo hivyo, na laini hivyo. Nilikuwa naogopa kupumua.

"Unasugua kama unapaka mafuta chapati," alisema povu likimtoka.

"Ayeeyo, ukiongea nitakutoboa."

"Nitoboe. Lakini usiache la nyuma."

Wiki ya tatu alianza kulala mpaka alfajiri. Wiki ya nne akamimina tone la maziwa kwenye kifuniko, akaangalia huku na huku, akaonja. Macho akayafumba. Tulikuwa tumesimama wote, mimi na jirani wa meza ya pili na mleta mitungi mwenyewe.

"Maji," akasema. "Tena ya kisima."

Mleta mitungi aliapa wallahi mara tatu, akarudi na mtungi wake. Jirani alipiga vigelegele mpaka tuktuk ikasimama ikidhani ni arusi.

Lakini adeer alikuwa ameshapanda gari.

Alifika mchana, mrefu, vumbi mpaka kwenye nyusi, amebeba mkebe wa nyirinyiri, ile nyama iliyokaushwa ikatiwa kwenye samli. Hakuzungusha maneno. Baada ya salamu na chai alisema, "Hooyo, nimekuja kwa sababu ya lile jambo. Watu wanasema humjui hata babu yako."

"Babu yangu namjua. Ni wa kwako niliyemruka."

"Basi nihesabie."

Mama aliacha kukunja nguo. Mimi nilikaa chini karibu na miguu ya ayeeyo, na yeye, bila kuniangalia, akaweka kidole chake kwenye paji langu la uso. Akaanza. Paji, shavu, bega. Sauti ilikuwa wazi, kila jina limekaa mahali pake. Kiwiko. Wa saba. Wa nane. Kidole kikashuka mpaka gotini pangu, kikasimama.

Kikasimama sana. Ningeweza kumnong'oneza. Midomo yangu ilikuwa tayari imekaa kwenye herufi ya kwanza. Akanifinya goti kwa nguvu, maana yake nyamaza.

"Huyu," alisema hatimaye, "huyu amepeleka ngamia kunywa maji. Hajarudi." Akaruka. "Wa kumi..." Akaenda mpaka mwisho bila kukosea tena.

Adeer aliinamisha kichwa. Nikajua imekwisha, anaenda Eldas.

Lakini ayeeyo hakuwa amemaliza. Alivuta mkebe wa nyirinyiri, akachukua kipande, akakitia mdomoni upande usiouma, akakitafuna. Polepole. Sote tulisikia kikivunjika. "Samli imeungua kidogo," akasema. "Mkeo alikuwa anaongea na simu." Adeer akainua macho. "Jina moja limenipotea, na huenda lisirudi. Sitakudanganya, mwanangu. Lakini mimi si jina moja. Nilikuwa naumwa jino, mkanisomea kama maiti. Ukinitoa kwenye maziwa yangu, hapo ndipo nitakaposahau hata wewe."

Adeer aliokota kipande cha nyirinyiri, akaonja mwenyewe. "Kweli imeungua," akasema, na kicheko kikampata hata chai ikamwagika.

Walikubaliana hivi: haendi kabisa. Anakwenda siku kumi tu, awaone ngamia na wajukuu, arudi. Maneno ya "watu wanamcheka" hayakutajwa tena. Ayeeyo alifunga mzigo wake: shash mbili, brashi ya viatu, na kifurushi kimoja kibichi cha caday, kwa maana daktari alikuwa amemruhusu mara moja kwa siku, taratibu. Kifurushi kingine alikiacha dirishani. Mlangoni alinikabidhi kifuniko chake cha kuonjea.

"Usimkalishe mtu kigoda changu," alisema. "Narudi Alhamisi ya pili, abaayo."

Dada. Mama alinitazama. Mimi niliitikia tu, "Haye." Siku hizi ananiita hivyo mara moja moja, naitika, kisha anagundua mwenyewe na kunipiga kwa shash kana kwamba kosa ni langu.

Asubuhi ya kwanza bila yeye niliamka kabla ya adhana. Kimya. Kimya kile kile cha Ramadhani, lakini safari hii sikuweza kukilalia. Nilitoka uani polepole nisimwamshe mama. Nilichukua kijiti kimoja pale dirishani, nikaambua ganda, nikatafuna ncha. Ni kali jamani, inawasha ulimi kama haradali! Nikakaa chini kando ya kigoda, si juu yake. Nikaanza juu kulia.

Kwaru, kwaru. Kila jino nikamtaja babu mmoja kimoyomoyo. Nilipofika la tisa nilitoa kijiti mdomoni, nikatema, nikalitamka jina lake kwa sauti, mara mbili, ili nisije mimi nikamruka. Halafu nikaendelea na la kumi.